Nyuklia Mizanini: Kila Chanzo cha Umeme Kina Anayekilipia

Mwezi Mei 2024 wakazi wa Uyombo, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 katika pwani yao, na maandamano yakaishia kwenye makabiliano na polisi. Mwaka uliofuata macho ya serikali ya Kenya yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria, ambako baadhi ya viongozi waliupokea mradi huo kwa mikono miwili. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilikuwa inakamilisha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambao peke yake unazidi mahitaji ya juu ya nchi wakati huo. Hata hivyo, Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme kutoka Ethiopia. Katika mwaka huohuo, Namtumbo mkoani Ruvuma, ukazinduliwa mtambo wa majaribio wa kuchakata urani.

Mwananchi anayefuatilia habari hizi ana kila sababu ya kuchanganyikiwa. Kama nyuklia ni hatari, mbona Afrika Kusini imekaa nayo tangu 1984? Kama ni salama, mbona Ujerumani ilizima vinu vyake vya mwisho Aprili 2023? Kama tuna maji, mvuke, upepo na gesi, nyuklia ni ya nini? Na kama tuna urani yetu wenyewe, mbona hatuna umeme wake?

Makala haya yanapima vyanzo hivi kwa upande unaosemwa kidogo, yaani madhara yake. Kila chanzo kina madhara. Kinachotofautiana ni nani anayeyabeba, yanakuja lini, na kama gridi na hazina ya nchi husika zina nguvu za kuyahimili.

Umeme unapungua wapi?

Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Kilele hicho hufikiwa kati ya saa 1 na saa 3 usiku, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Baada ya saa 6 usiku mahitaji hushuka hadi karibu nusu, na sehemu ya mvuke wa visima vya jotoardhi vya Olkaria huachiwa upotee hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Nchi hiyohiyo inabanwa jioni na kuwa na ziada alfajiri.

Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Kampuni ya usambazaji ilieleza kwamba karibu megawati 270 za mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana zilitoka ghafla kwenye gridi. Wenye mtambo wakajibu kwamba walilazimika kutoka kwa sababu msongo wa umeme kwenye gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi. Yeyote aliyekuwa na haki, tukio lile lilionyesha jambo moja: kupotea kwa megawati 270 kwa mkupuo kunatosha kuliangusha taifa.

Tanzania ilipitia mgawo mkali mwaka 2022 na 2023 mito ilipopungua maji. Mvua zilipozidi mwaka 2024, na mashine za kwanza za Bwawa la Nyerere zilipowashwa, shirika la umeme la nchi hiyo, TANESCO, lilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko watumiaji. Uamuzi wa kununua umeme wa Ethiopia ulitokana na umbali: sehemu ya umeme unaofuliwa kwenye bwawa hilo, huko Rufiji, hupotea njiani kabla ya kufika Kilimanjaro na Arusha. Zanzibar nayo ilikwisha kulipa gharama ya kutegemea njia moja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya njia ya chini ya bahari inayotoka bara kupata hitilafu.

Kwa hiyo kuna matatizo matatu tofauti ambayo mjadala huyachanganya: kuzalisha umeme wa kutosha, kuupata kwa saa unapohitajika, na kuufikisha unakohitajika. Nyuklia inajibu vizuri la kwanza, nusunusu la pili, na la tatu hailigusi kabisa.

Hoja za wanaoitetea nyuklia

Ukiondoa moyo wake, kinu cha nyuklia ni mtambo wa mvuke kama mingine. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mashine, mashine hufua umeme. Joto hilo hutokana na kupasuka kwa viini vya urani. Watetezi wake wanasimamia hoja nne.

Ya kwanza ni uthabiti. Kinu kinachoendeshwa vizuri hufanya kazi karibu asilimia 90 ya mwaka, usiku na mchana, kiangazi na masika. Bwawa haliwezi kuahidi hivyo, wala upepo.

Ya pili ni udogo wa mzigo. Kinu cha megawati 1,000 huacha tani 25 hadi 30 za fueli iliyotumika kwa mwaka. Mtambo wa makaa ya mawe wa ukubwa huohuo huchoma karibu tani milioni 3 za makaa katika muda huo, kisha huacha majivu chini na moshi juu.

Ya tatu ni tabianchi. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2014 hewa ukaa inayotokana na kila uniti ya umeme tangu ujenzi wa mtambo hadi kubomolewa kwake. Makadirio ya kati yalikuwa gramu 820 kwa makaa ya mawe, 490 kwa gesi, 48 kwa mashamba makubwa ya sola, 38 kwa jotoardhi, 24 kwa maji, 12 kwa nyuklia na 11 kwa upepo wa nchi kavu. Nyuklia imo katika kundi safi kabisa.

Ya nne ni mfano wa Abu Dhabi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitia saini mkataba na Wakorea Kusini mwaka 2009, ukaanza ujenzi wa kituo cha Barakah mwaka 2012, na kinu cha kwanza kikaingia kwenye gridi mwaka 2020. Cha nne kilianza kazi rasmi mwaka 2024, na vyote kwa pamoja hutoa karibu robo ya umeme wa nchi hiyo. Kama nchi isiyokuwa na historia ya nyuklia iliweza, watetezi wanauliza, kwa nini Kenya isiweze?

Inafaa pia kuondoa hofu moja isiyo na msingi. Kinu cha umeme hakiwezi kulipuka kama bomu la atomu. Fueli yake huwa na asilimia 3 hadi 5 tu ya ile aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, wakati bomu huhitaji karibu asilimia 90. Kilicholipuka Chernobyl kilikuwa mvuke na gesi, na balaa lake likatokana na mionzi iliyotoka nje.

Hoja za wanaoipinga

Ajali. Chernobyl ililipuka 26 Aprili 1986. Watu wapatao 30 walikufa katika siku na wiki za mwanzo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba vifo vya saratani miongoni mwa walioathirika zaidi vinaweza kufika 4,000, na wapo watafiti wanaotaja idadi kubwa zaidi. Fukushima, nchini Japani, ilifuata 11 Machi 2011, na watu zaidi ya 150,000 walihamishwa. Mionzi yenyewe iliua wachache mno, lakini uhamisho, uzee, magonjwa yaliyokosa matibabu na majonzi vilichangia vifo zaidi ya 2,000 katika mkoa huo.

Chanzo cha Fukushima kinatuhusu moja kwa moja. Vinu vilizimika vyenyewe mara tetemeko lilipopiga, kama vilivyosanifiwa. Lakini fueli ya nyuklia haipoi kwa kuzimwa. Huendelea kutoa joto kwa siku na miezi, na lazima pampu ziendelee kusukuma maji. Tetemeko lilikata umeme wa gridi, tsunami ikazamisha jenereta za akiba, pampu zikasimama, fueli ikayeyuka. Maana yake ni kwamba mtambo wa nyuklia nao ni mteja wa gridi. Nchi ambayo gridi yake huanguka mara kadhaa kwa mwaka italazimika kutegemea jenereta za dizeli kulinda usalama wa kinu kila giza linapoingia.

Taka. Fueli iliyotumika hubaki na mionzi hatari kwa maelfu ya miaka. Finland ndiyo iliyofika mbali zaidi: imechimba mahandaki ya Onkalo zaidi ya mita 400 chini ya mwamba ili kuizika humo. Afrika Kusini, yenye zaidi ya miaka 40 ya uzoefu, hupeleka taka zenye mionzi hafifu Vaalputs, jimbo la Northern Cape, lakini fueli iliyotumika ya kituo chake cha Koeberg ingali inahifadhiwa palepale kituoni. Kwa kiasi, taka hizi ni chache. Kwa muda, zinawafunga watu ambao hawajazaliwa.

Fedha na muda. Hapa ndipo nyuklia inapojeruhiwa zaidi, tena na nchi zenye uzoefu. Ufaransa ilianza kujenga kinu cha Flamanville 3 mwaka 2007 kikitarajiwa kuwaka 2012 kwa gharama ya yuro bilioni 3.3. Kiliunganishwa na gridi Desemba 2024, gharama ikiwa imepita yuro bilioni 13. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 na kuingia kazini rasmi 2023. Vinu viwili vya Vogtle, jimbo la Georgia nchini Marekani, vilichelewa miaka 7 na kugharimu zaidi ya dola bilioni 30. Makadirio yanayotajwa sana Kenya ni shilingi bilioni 500 kwa megawati 1,000. Ni juu ya serikali kueleza nani atalipa bei hiyo ikizidi mara mbili, na riba itatoka wapi katika miaka ambayo kinu bado ni zege na nondo tu.

Ukubwa. Hili ndilo lisemwalo kidogo, na pengine ndilo zito kuliko yote. Kanuni ambayo wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, hushauri kwa kawaida ni kwamba mtambo mmoja usizidi asilimia 10 ya uwezo wa gridi, ili ukizimika ghafla mingine iweze kuziba pengo. Kwa kanuni hiyo kinu cha megawati 1,000 kinahitaji gridi ya megawati 10,000 hivi. Uwezo wote uliofungwa Kenya ni megawati 3,000 na ushei. Kinu kimoja kingebeba zaidi ya asilimia 40 ya mahitaji ya jioni, na karibu yote ya usiku wa manane. Ikiwa megawati 270 zilihusishwa na giza la Agosti 2023, 1,000 zingefanya nini? Na kila kinu, hata kilicho bora, huzimwa kwa wiki kadhaa kubadilisha fueli.

Utegemezi. Kuwa na urani Namtumbo hakumaanishi kuwa na fueli. Kinachotoka mgodini huwa unga wa njano, ambao lazima ugeuzwe gesi, urutubishwe, kisha utengenezwe kuwa vidonge vya kuwekwa kwenye kinu. Kazi ya kurutubisha iko mikononi mwa nchi chache, na Urusi peke yake ina zaidi ya theluthi ya uwezo wote wa dunia. Mgodi wenyewe wa Namtumbo, uitwao Mto Mkuju, unaendelezwa na kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Kongo inalijua somo hili tangu zamani: urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika mabomu ya kwanza ya Marekani, si kuwasha taa za Kongo. Misri, inayojenga vinu vinne El Dabaa tangu 2022, imekopeshwa na Urusi dola bilioni 25. Mwenye mkopo, mwenye kinu na mwenye fueli ni mmoja.

Maji: mtaji wa bei nafuu, rehani ya mvua

Bwawa la Nyerere liligharimu Tanzania takriban shilingi trilioni 6.5, fedha za ndani, kwa mashine tisa za megawati 235 kila moja. Kwa kulinganisha na nyuklia, huo ni umeme wa bei nafuu mno, na hakuna fueli ya kununua. Bwawa lina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi: maji yanaweza kuzuiwa mchana na kufunguliwa saa 1 usiku mahitaji yanapopanda.

Madhara yake ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ukame. Kenya ilionja hilo katika mgawo wa 1999 na 2000, mabwawa ya Mto Tana kuanzia Masinga hadi Kiambere yalipopungukiwa maji, na mabadiliko ya tabianchi yanazidisha kuyumba huko. Ya pili ni ardhi na mto. Bwawa la Nyerere limejengwa ndani ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia, na mto ulio chini yake hulisha mashamba ya mpunga na mikoko ya delta ya Rufiji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, wapo wakazi waliolaumu kufunguliwa kwa maji ya bwawa, na serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Ya tatu ni kupasuka. Bwawa la Banqiao nchini China lilibomoka Agosti 1975 na kuua watu kati ya 26,000 na zaidi ya 170,000, kutegemea nani aliyehesabu. Hakuna ajali ya nyuklia iliyokaribia hapo, lakini Banqiao halitajwi katika mabishano ya vijiweni.

Jotoardhi: bora tuliyonayo, na Wamasai wa Olkaria

Kenya ilianza kufua umeme wa jotoardhi Olkaria mwaka 1981 kwa mashine ya megawati 15. Leo chanzo hiki hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi, na ndicho kinachofanya karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya utokane na vyanzo jadidifu. Kama nyuklia, mvuke hauogopi ukame wala giza. Tofauti na nyuklia, huongezwa kidogokidogo, megawati 35 hapa, 80 pale, bila kuishtua gridi na bila mkopo mmoja wa kutisha.

Dosari zake zipo. Kuchimba kisima kinachoweza kufika kilomita 3 chini hugharimu mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kitupu. Mwekezaji binafsi hawezi kubeba bahati nasibu hiyo peke yake, ndiyo maana Kenya iliunda kampuni ya umma, GDC, kubeba hatari ya kuchimba. Visima hutoa gesi ya salfa yenye harufu ya mayai yaliyooza. Tena mvuke haupatikani popote: Bonde la Ufa limeipendelea Kenya na Ethiopia, na Tanzania bado iko kwenye uchimbaji wa majaribio kama ule wa Ngozi mkoani Mbeya.

Kuna pia suala la watu. Mwaka 2014 kaya zipatazo 150 za Kimasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV na kupelekwa kwenye makazi mapya yanayoitwa RAPland. Walijengewa nyumba za matofali, shule na zahanati, lakini walilalamikia makorongo, barabara mbovu, umbali kutoka malisho na kucheleweshwa kwa hati za ardhi, na malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Umeme ulio safi kwenye karatasi za tabianchi ulikuwa na kaya zilizoulipia kwa ardhi yao.

Upepo na jua: rahisi kujenga, vigumu kupanga

Mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana una mapangaboi 365 na uwezo wa megawati 310. Ulikamilika 2017, lakini ukakaa zaidi ya mwaka bila kutoa umeme kwa sababu njia ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwa tayari, na mlipakodi akagharimika kwa umeme ambao hakuutumia. Mahakama ya ardhi huko Meru ikaamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana bila kufuata sheria.

Sola ya Garissa, megawati 50, ilizinduliwa 2019. Jua ni chanzo kinachojengwa haraka kuliko vyote, na kwa nyumba iliyo mbali na nguzo paneli ndogo ya paani haina mshindani. Kikwazo chake kikubwa ni saa: mahitaji yetu hupanda jua likiwa limeshazama. Betri zinashuka bei mwaka hadi mwaka, lakini kwa sasa betri kubwa kuliko zote katika eneo hili ni maji ya mabwawa. Sola ikibeba mchana, bwawa huweka maji yake kwa ajili ya jioni.

Gesi, makaa na dizeli: moshi wa leo au giza la leo

Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974 na imefua umeme wa Tanzania tangu 2004. Iliiokoa nchi kila mto ulipokauka, na mitambo ya gesi huwashwa na kuzimwa haraka. Hata hivyo hutoa zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya makaa, huisha, na imekwisha kuzua machungu: Mei 2013 Mtwara iliwaka moto wananchi walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam huku wao wakiona faida ikipita mlangoni.

Makaa ya mawe ndicho chanzo ambacho ni vigumu kukitetea. Mradi wa Lamu wa takriban megawati 1,000 ulipangwa kutegemea makaa kutoka nje, jirani na mji wa kale ambao ni urithi wa dunia tangu 2001. Baraza la rufaa za mazingira lilifuta kibali chake Juni 2019 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Dizeli ni haraka lakini ghali, na mikataba ya dharura ya mitambo ya mafuta imewahi kuitia Tanzania kwenye kashfa kubwa za kisiasa. Tusisahau pia kwamba nishati inayotumika zaidi majumbani si umeme. Ni kuni na mkaa, na moshi wa jikoni ulikadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020 pekee.

Tukiviweka mizanini

Kwa kipimo cha vifo, hesabu iliyokusanywa na tovuti ya Our World in Data ya Uingereza inashangaza wengi. Kwa kila terawati-saa, kiasi ambacho Kenya nzima hutumia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, makaa huua watu takriban 25, mafuta 18, gesi 3, na maji 1.3, sehemu kubwa ikiwa ni Banqiao. Upepo, nyuklia na jua viko chini ya kifo 0.05 kila kimoja. Chernobyl na Fukushima zimo katika hesabu hiyo. Hofu ya nyuklia ni kubwa kuliko rekodi yake kwa sababu ajali zake huja kwa kishindo na huacha ardhi isiyokalika, wakati moshi huua mmojammoja na hakuna anayeandika jina lake.

Hata hivyo wastani wa dunia haumjibu mvuvi wa Uyombo. Yeye ana hoja tatu za haki: maji ya moto yatakayorudishwa baharini karibu na Mkondo wa Mida na hifadhi ya Watamu, ardhi atakayohamishwa, na faida ambayo itapita juu ya kichwa chake kwa nyaya. Siaya ina hoja nyingine ya ziada, kwani Ziwa Victoria ni la nchi tatu, na Mto Nile unaoanzia hapo unalisha nyingine chini yake.

Kwa kipimo cha fedha, nyuklia iko nyuma. Kwa kipimo cha gridi, iko nyuma zaidi. Watetezi wanaweza kujibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni vinu vidogo vya chini ya megawati 300, ambavyo Rwanda na Kenya zimevionyeshea hamu. Kwa ukubwa vinatufaa, lakini vinavyotoa umeme duniani ni vichache mno: baadhi vinaelea kwenye meli huko Pevek, Urusi, na vingine viko China. Kununua kisichozoeleka ni kukubali kuwa maabara ya wengine. Jibu la pili ni kwamba mradi wa nyuklia huchukua miaka 15 hata 20, kwa hiyo tusipoanza leo tutachelewa kesho. Hoja hiyo ni nzito. Lakini kuanza kunaweza kuwa kusomesha wahandisi, kuimarisha msimamizi asiyemwogopa mwekezaji, na kuunganisha gridi za jirani, kazi ambazo zina faida hata kama kinu hakitajengwa. Kutia saini mkataba ni jambo jingine. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na maji haya huogwa kwa miaka 60 ya kuendesha, kisha miongo ya kubomoa.

Hali ingekuwa tofauti iwapo gridi za Afrika Mashariki zingekuwa moja. Hatua zimeanza. Njia ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ethiopia imekuwa ikiiletea Kenya umeme tangu 2022, na Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa njia ya kilovolti 400. Gridi kubwa ya pamoja yenye akiba ya kutosha ndiyo itakayoweza kubeba kinu kikubwa bila kuyumba, na hapo swali la nyuklia litaulizwa upya kwa haki.

Kwa ufupi

Hofu ya mlipuko ndiyo hoja maarufu dhidi ya nyuklia, lakini kwa takwimu ndiyo dhaifu. Hoja zenye nguvu ni tatu: kinu kimoja ni kikubwa mno kwa gridi yetu, gharama zake zimewashinda wenye uzoefu, na fueli yake inatufunga kwa wachache. Maji ni nafuu lakini huisha kiangazi na hubadilisha mto. Jotoardhi ndiyo inayokaribia sifa nzuri za nyuklia bila hasara zake kubwa, mradi wanaohamishwa walipwe kwa haki. Upepo na jua ni safi na hujengwa upesi, lakini vinahitaji bwawa, gesi au betri pembeni. Gesi ni daraja, makaa hayana utetezi, na dizeli ni ya dharura.

Kwa muongo ujao mpangilio wenye busara ni huu: nyaya kwanza, kwa sababu ndiko umeme uliopo unakopotea, mvuke na maji vibebe uti wa mgongo, jua na upepo vijaze mchana, gesi ibaki kwa ajili ya ukame. Nyuklia iendelee kusomewa, na mkataba wake usitiwe saini hadi serikali ijibu hadharani maswali manne: gridi itafika ukubwa gani siku kinu kikiwaka, nani atalipa gharama zikizidi, fueli iliyotumika itakaa wapi, na watu wa eneo hilo wamekubali kwa masharti gani. Serikali yenye majibu hayo haitakuwa na haja ya kuwaogopa wanakijiji wake, na isiyo nayo haijawa tayari kwa nyuklia, hata kama fedha zipo.